Ulinunua Wimbo, Ukapewa Kufuli

Fanya hesabu hii na mimi. Mwishoni mwa Oktoba 2005, kampuni ya simu ya Sprint kule Marekani inafungua duka la muziki ndani ya simu. Wimbo mmoja ni dola 2.50. Wimbo uleule, ukiwa na kompyuta, unaupata kwa duka la Apple kwa senti 99. Na ukijua zile kona za wizi za intaneti, unaupata bure. Sasa sikia hii: kati ya hizo tatu, ni ule wa bure pekee ungeweza kuuhamisha kutoka kompyuta hadi simu hadi simu ya beste yako bila mtu kukuuliza kitu. Aliyelipa ndiye alifungwa mikono. Mwizi alitembea huru.

Hiyo ndiyo stori ya leo. Najua wengi wenu mmezaliwa juzi na hamjawahi kununua wimbo mmoja mmoja kama mandazi. Mimi mwenyewe enzi hizo nimezishika kwa mkia tu. Na kwa vile niliacha chuo mwaka wa pili, hakuna mhadhiri wa kunipa alama hapa, lakini hii mambo nimeifuatilia kwa bidii kuliko kozi yenyewe niliyokuwa nafanya.

Tuanze na kufuli. Waliita DRM, yaani usimamizi wa haki za kidijitali. Jina la heshima kabisa. Kazi yake ni hii: faili ya wimbo inavurugwa kwa hesabu za siri hadi haisomeki, halafu ufunguo unawekwa kando, ndani ya kitu kinaitwa leseni. Leseni imeandikwa kwa jina la simu yako, au kompyuta yako, au akaunti yako. Ukibonyeza wimbo, programu inachungulia leseni kwanza. Huyu ni yeye kweli? Amebakisha siku ngapi? Ameshachoma CD mara ngapi? Ikiridhika, unasikia muziki. Isiporidhika, unasikia kimya. Faili iko palepale, imekula nafasi ya memori, lakini ni kama keja ambayo landilodi amepiga kufuli na vitu vyako viko ndani.

Kwa simu kulikuwa na toleo la chini zaidi, la bei rahisi. Mwaka wa 2002 kampuni za mitandao na watengenezaji wa simu waliunda muungano unaitwa Open Mobile Alliance, na moja ya kazi zao za kwanza ikawa kufuli ya simu. Ngazi ya kwanza ya kufuli hiyo ilikuwa rahisi hadi inachekesha: faili ikiingia kwa simu, haitoki. Basi. Simu iliambiwa tu "hii usitume." Wale wa umri wa bro yangu wanaikumbuka vizuri kwa ringtoni. Unatuma SMS kwa nambari fupi iliyo kwa gazeti, kredo inakatwa, ringtoni inaingia. Sasa umeona dem wa darasa lenu anaipenda, unataka kumrushia kwa infrared, simu mbili zimelala kwa dawati pua kwa pua, halafu simu yako inakuambia faili imelindwa. Imelindwa dhidi ya nani? Ni wewe umeinunua!

Kwa nini watu wenye akili timamu walitengeneza kitu kama hiki? Kwa sababu ya woga, na woga wenyewe haukuwa wa uongo. Mwaka wa 1999 Napster ilitokea, mamilioni ya watu wakaanza kupeana nyimbo bure, na hata baada ya mahakama za Marekani kuifunga mwaka wa 2001, zilitokea zingine. Kampuni kubwa za rekodi ziliona pesa za CD zikiyeyuka. Kwa hivyo mtu akija na duka la intaneti, jibu lao lilikuwa moja: sawa, lakini weka kufuli.

Ndiyo hivyo duka la iTunes lilifunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, Marekani pekee. Hapa kwetu E-Sir alikuwa ameaga tarehe 16 Machi mwaka huohuo, wiki sita tu kabla. Weka hizo tarehe mbili kichwani, nitazihitaji baadaye.

Kufuli ya Apple haikuwa mbaya sana ukiilinganisha na zingine. Kompyuta tatu, baadaye tano, na ungeweza kuchoma CD. Lakini kulikuwa na sharti moja dogo ambalo ndilo lilikuwa na utamu wote: ukitaka kutembea na wimbo huo mfukoni, lazima uwe na iPod. Haukucheza kwa kifaa cha kampuni nyingine. Sasa chukua mtu aliyenunua nyimbo 200. Hiyo ni kama dola 198. Mwaka unaofuata anaona kifaa kizuri cha kampuni nyingine, cha bei nafuu. Atahama? Akihama anaacha dola 198 nyuma, ama aketi wikendi nzima akichoma nyimbo kwa CD na kuzirudisha tena kwa kompyuta ndiyo kufuli itoke. Kampuni za muziki ziliomba kufuli ya kuzuia wezi, na kufuli ikaishia kuzuia wateja kuhama. Wezi wenyewe hawakuhisi chochote, kwa sababu inatosha mtu mmoja duniani achukue CD moja isiyo na kufuli, aiweke kwa intaneti, na mchezo umeisha.

Halafu wakajaribu kuleta hiyo kitu kwa simu. Wasee, hapa ndipo kuna vituko.

Tarehe 7 Septemba 2005 Apple na Motorola walitoa simu inaitwa ROKR E1, simu ya kwanza yenye iTunes ndani. Kila mtu alikuwa anaingoja. Ikaja na kikomo cha nyimbo 100. Hata kama memori kadi yako ina nafasi tele, ukifika 100, umefika. Na wimbo haungeununua kwa simu yenyewe. Ilibidi uwe na kompyuta na waya. Simu ya muziki isiyoweza kununua muziki. Kampuni za mitandao hazikutaka Apple iuze nyimbo kwa simu zao, zilitaka kuuza zenyewe, na ndiyo maana Sprint wakaja na hizo dola 2.50 wiki chache baadaye. Kwa hiyo bei ulipewa nakala mbili, ya simu na ya kompyuta, kila moja na kufuli yake. Januari 2006 Verizon nao wakafungua lao, dola 1.99 kwa wimbo ukiununua kwa simu. Yaani ulilipa mara mbili ya bei ya Apple ndiyo upate wimbo ambao umefungwa zaidi. Huku ringtoni, sekunde kadhaa tu za wimbo uleule, nayo mara nyingi ikiuzwa ghali kuliko wimbo mzima. Mtu akikuambia soko linajua linachofanya, mkumbushe ringtoni.

Japani ndiyo ilionekana kuwa imefaulu. Novemba 2004 kampuni ya KDDI ilianza kuuza nyimbo nzima kwa simu, huduma inaitwa Chaku-Uta Full, na vijana wakaipenda kweli. Kwa miaka kadhaa, karibu sehemu tisa kati ya kumi za mauzo ya muziki wa kidijitali Japani zilipita kwa simu. Hakuna nchi nyingine kubwa ya muziki iliyokuwa hivyo. Lakini nyimbo zilifungwa kwa simu na kwa mtandao. Ukihama kampuni, nyimbo zinabaki nyuma. Halafu zikaja simu za kisasa, watu wakaacha zile za kukunja, na mkusanyiko wa miaka mitano ya ujana wa mtu ukabaki kwa droo, ndani ya simu ambayo betri yake ikifa, basi. Mwaka wa 2016 huduma ya nyimbo hizo kwa simu za zamani ilifungwa kabisa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi, kwa uchungu, ni wa Microsoft. Mwaka wa 2004 walianzisha nembo ya kubandika kwa vifaa na maduka yaliyotumia kufuli yao. Nembo iliitwa PlaysForSure. Yaani, inacheza kwa hakika. Mwaka wa 2006 Microsoft haohao wakatoa kifaa chao cha muziki, Zune, na nyimbo za PlaysForSure hazikucheza kwa Zune. Sitanii. Kisha Aprili 2008 waliwaandikia wateja wa duka lao la MSN Music kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti seva zinazotoa leseni zitazimwa. Maana yake: wimbo wako utaendelea kucheza kwa kompyuta uliyo nayo leo. Ukinunua kompyuta mpya, au ukifomati hiyo ya zamani na kuweka Windows upya, kwaheri. Watu walipiga kelele hadi muda ukasongezwa mpaka mwisho wa 2011. Mwaka uleule wa 2008 Yahoo nao wakatangaza seva zao zitazimwa tarehe 30 Septemba, na wao angalau wakaahidi kufidia wateja.

Ona hiyo vizuri. Kaseti ya Fadhili William haimhitaji mtu yeyote awe hai ndiyo icheze. Kampuni iliyoitengeneza ifilisike, mdosi ahame nchi, kaseti inacheza tu. Wimbo wenye kufuli unahitaji kampuni iwe hai, seva iwe imewashwa, na watu wa ofisi fulani mbali sana waendelee kukupenda. Siku wakichoka na wewe, ulichonunua kinageuka takataka ya megabaiti nne.

Nokia walijaribu njia tofauti, na hii inatugusa sisi kidogo. Desemba 2007 walitangaza huduma inaitwa Comes With Music, ikaanza Uingereza Oktoba 2008. Unanunua simu, unapakua nyimbo mwaka mzima bila kikomo, na mwaka ukiisha unabaki nazo. Inasikika tamu. Shida ni kwamba unabaki nazo kwa simu hiyo na kwa kompyuta moja uliyosajili. Huduma haikushika ilivyotarajiwa. China ilipofika 2010, Nokia waliiuza bila kufuli, kwa sababu huko walijua mteja atacheka tu. Januari 2011 wakatangaza wanaifunga kwa nchi nyingi.

Sasa njoo hapa Nairobi miaka hiyohiyo. Simu za Nokia za XpressMusic zilikuwa ndoto ya kila kijana. Ile yenye vitufe vya muziki ubavuni, kama ulikuwa nayo shule nzima ilikujua. Lakini muziki wake haukutoka kwa duka lolote la Nokia. Ulitoka kwa jamaa mwenye kompyuta kwa kibanda au saiba, unamwachia memori kadi, unaenda kula chipo, unarudi imejaa. Ulitoka kwa Waptrick. Ulitoka kwa Bluetooth ndani ya mathree, jina la simu usiyemjua mwenyewe likitokea kwa skrini yako. Dunia ya leseni ilitupita kando, na ukifikiria utaona haingetuweza. Mfumo ule uliandikiwa mtu mwenye simu moja, kompyuta moja, kadi ya benki moja, na ambaye hajawahi kuibiwa. Sisi simu inaporwa Tom Mboya, nyingine inauzwa kwa fundi wa Luthuli, fundi anaiflashi, inaishia kwa mkono wa tatu kule Githurai. Mathe na watoto watatu wanatumia simu moja, laini nne. Kila moja ya hizo hatua, kwa macho ya leseni, ni kifo cha wimbo.

Na kama ungekuwa Mkenya mwenye nyimbo hizo na uamue kuvunja kufuli ya wimbo uliolipia mwenyewe? Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kuvunja vizuizi hivyo vya kiufundi kuwa kosa, sawa na sheria nyingi duniani zilizofuata mikataba ya WIPO ya 1996. Kwa hivyo kufuli ilikuwa na askari nyuma yake pia.

Msinielewe vibaya, kuna upande wa pili na una uzito. Jamaa wa kibanda hakumlipa msanii hata ndururu. Watu waliotupa genge na kapuka walisikika kwa kila mathree na wengi wao hawakuona pesa inayolingana na hizo kelele. Mtu akiniambia kwamba kunakili kuliua kazi za wasanii wa Kenya, sitabishana naye sana. Ninachobisha ni kwamba kufuli ilikuwa dawa. Pesa ambazo wasanii wetu waliziona kwa simu zilikuja zaidi kwa njia nyingine, kama Skiza ya Safaricom iliyoanza 2009, ambapo anayekupigia ndiye anasikia wimbo na wewe unakatwa kredo. Hiyo haikuwa mauzo, ilikuwa kukodisha, na kila mtu alijua ni kukodisha. Mgao wake umezozaniwa miaka na mikaka, lakini angalau hakuna mtu alidanganywa kwamba wimbo ni wake.

Kufuli yenyewe ilikufa vipi kwa nyimbo za kununua? Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi na kuweka hesabu mezani. Mwaka wa 2006, alisema, nyimbo zenye kufuli zilizouzwa kwa intaneti hazikufika bilioni 2. Mwaka huohuo kampuni zilezile za rekodi ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 kwa CD, bila kufuli yoyote. Yaani unafunga dirisha na mlango uko wazi. Ni kweli Jobs pia alikuwa anajitetea, kwa sababu nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zinamsumbua kuhusu ile habari ya iPod. Lakini hesabu ni hesabu. Aprili EMI wakakubali kuuza bila kufuli, Septemba Amazon wakafungua duka la MP3 tupu, Januari 2008 Sony BMG wakawa wa mwisho kati ya zile nne kubwa kukubali, na Januari 2009 Apple wakatangaza duka lote linatoka kwa kufuli. Na zile nyimbo ulizokuwa umenunua tayari? Ulitakiwa kuongeza senti 30 kwa kila wimbo ndiyo ufunguliwe. Zile nyimbo zetu 200 ni dola 60 za kutoa kitu ambacho hukuomba kiwekwe.

Hapo watu walisherehekea wakadhani imeisha. Haijaisha, wasee. Fungua simu yako sasa hivi. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na ukiwa na akaunti ya kulipia kuna kitufe cha kupakua. Zile nyimbo "ulizopakua" zina kufuli ileile ya 2005. Usipoingia mtandaoni angalau mara moja kwa siku 30, zinafungwa. Ukiacha kulipa, zinafungwa. Huwezi kumrushia mtu, huwezi kuweka kwa flashi ya mathree. Mimi nastrimu pia, kila siku, na sioni ubaya wa kukodisha muziki. Kinachonikera ni neno. Kupakua kulikuwa na maana: kitu kiko kwangu. Wameliacha neno, wametoa maana yake, na kizazi chetu hakijui kuna tofauti.

Hata hapa kuna waliojaribu njia ya tatu. Mdundo, ambayo ilianza Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, inakupa MP3 ya kawaida bure, na ndani ya faili wanaweka tangazo, pesa ya tangazo wanagawana na msanii. Tangazo linakera, sitadanganya. Lakini faili ikiingia kwa memori yako, inaenda kokote.

Sasa rudi kwa zile tarehe mbili. Kaseti na CD za E-Sir, na nakala za nakala zake, zimepita mikononi mwa watu zaidi ya miaka ishirini, na leo mtoto wa form two anazijua nyimbo zake neno kwa neno. Hakuna leseni iliyohitajika. Aliyenunua wimbo wa MSN Music miaka hiyo, yuko na nini? Na wimbo ambao kijana wa Kayole ataachilia wiki ijayo kwa apu pekee, asambaziwe na kampuni ambayo huenda isiwepo 2035, nani atakuwa nao mwaka huo?

Wiki jana nilitoa memori kadi ya 2GB kwa simu ya zamani ya bro na kuihamishia kompyuta kabla haijaoza. Faili 311. Nyingi zimeandikwa Track 04 na Track 07, zingine zina majina ya DJ nisiowajua. Zote zimefunguka. Kuna tatu za genge ambazo nimezitafuta kwa kila apu na hazipo popote. Nitaweka vipande vyake kwa stori jioni, mwenye anajua ni za nani aniandikie.